Kilo Moja ya Nyasi

Umande ukauke kwanza.
Somo la siku ya kwanza, na Mchopa hakulirudia:
mbegu yenye maji ikifungiwa huota ukungu,
na ukungu haulipwi.

Basi nakaa juu ya kichuguu, saa mbili na nusu,
nikingoja jua la Agosti lifike magotini mwa nyasi,
foronya tatu kuukuu begani,
na sindano ya kushonea midomo yake.

Shika suke. Livute kwa vidole viwili, chini kwenda juu,
kama kukamua mbuzi, ila kinyume.
Likigoma, liache, halijawa tayari kuaga.
Likikubali, kiganja kinajaa kitu chepesi chenye vinywele,
kitu kinachojinyonga chenyewe kikionja jasho.
Uma moja. Ikitoa maziwa, rudi wiki ijayo.
Ikilia ka, tia.
Chukua moja, acha mbili:
ya ndege, na ya ardhi yenyewe.

Hapa Nachingwea watu bado wanapaita Karanga,
ingawa karanga hazikukaa.
Babu yangu Nakachepa alilipwa hapa kung'oa.
Yalikuja matrekta, alisema, yaliyowahi kuwa vifaru vya vita,
mawili mawili, kati yao mnyororo wa nanga ya meli,
na msitu ukalala kama mkeka unaokunjwa.
Mipingo ililia usiku, alisema.
Sijui kama mti hulia.
Najua alinunua baiskeli.
Kisha reli ikaja, reli ikang'olewa,
udongo ukabaki umeshindiliwa, mgumu kama sakafu ya ghala.

Mimi nalipwa kurudisha.
Elfu nane kwa kilo, kavu, iliyopepetwa.
Umewahi kupima kilo moja ya nyasi?
Ni siku nne na kiuno.

Mkwanda, uso wa njano kwa vumbi la salfa,
anazima bomba lake kwenye mikorosho:
"Binti Likapa, na hiyo ina stakabadhi ghalani?"
Anacheka mpaka anakohoa.
Nami nacheka. Tangu nishike jembe
nimekuwa adui wa majani.
Leo nayabembeleza mbele za watu.

Jumanne, moshi.
Upande wa Mbwemkuru, mtu anatafuta ndezi,
na moshi hausemi umeanzia kwa nani.
Nilivuna bila kuuma, bila kuacha mbili,
mbichi na mbivu, mikono miwili, kama mwizi.
Bonde lile la masuke mekundu,
nililolitunza kwa macho tangu Juni,
sikulifikia.
Kesho yake kanga walikuwa wanaparura jivu,
wanene, hawana habari na mimi.

Usiku mama anachambua pindo la gauni langu,
mbegu moja moja, kama anayetafuta chawa.
Hizi hazikutaka foronya. Zilinipanda.
Karatasi ya Mchopa iko chini ya taa ya sola:
mahali, tarehe, udongo, jina.
Kwenye jina nimeandika "nyasi"
mara kumi na moja.

Mama, miaka hamsini ya kupalilia,
anainua moja kwenye mwanga.
"Nyasi, nyasi! Mtu humwiti mtu.
Hii tuliezekea jiko la bibi yako, haikuvuja.
Hii ukiikuta, chimba, maji hayako mbali.
Hii ng'ombe anaikataa mpaka njaa imshike.
Na hii nyekundu—"

Nyekundu?
Labda ya Jumamosi, nilipokatiza bondeni
bila nia ya kuchuma.
Tatu. Mzani wa Mchopa hauwezi kuzisikia.

Nampa kalamu. Anaikataa, ananitajia,
nami naandika jina kwa Kimwera,
nikikosea herufi, nikifuta.
Zile tatu anazifunga kwenye ncha ya kanga,
fundo lilelile la hela,
kisha ananiuliza mvua mwaka huu inaanza lini,
kana kwamba nyasi ni zangu.